Konvata ya kushusha volti za juu inaungua, inachemka au inalia? Anza kuishuku chipu uliyoichagua

Malalamiko ni yaleyale kila siku. Mtu ana betri ya volti 48 au 60, au paneli mbili za sola kazifunga sirizi, anataka volti 12 au 5 za taa na vifaa vidogo, kanunua moduli au kachora bodi yake mwenyewe, imefanya kazi siku mbili ikafa, kaweka chipu nyingine ya namba ileile nayo ikafa, ya tatu nayo hivyohivyo. Sasa chipu ikifa mara mbili kwa namna moja acha kulaumu bahati na ulehemu wako, mara nyingi namba yenyewe haikustahili kukaa pale. Ukishusha 12 kwenda 5 karibu chipu yoyote itakusamehe, ila ukivuka 40 kwenda juu vitu vidogo vinaanza kuua. Nimepanga kwa dalili, na kila dalili naanza na sababu inayotokea sana na kipimo rahisi, halafu ndo tunachimba.

Kabla hujagusa

Volti 60 za DC ndo mpaka ambao viwango vingi vya usalama vinautumia kutenganisha umeme usio na madhara sana na ule wa kuogopa, na betri inayoitwa ya 60 ikijaa inakuwa imeshauvuka. Vua pete na saa ya chuma, fyuzi ikae karibu na betri sio karibu na bodi, na ukizima pima kwanza kapasita ya kuingilia kwa mita mpaka isome volti chache ndo uweke kidole. Kuitoa chaji kwa bisibisi ni kuharibu kapasita na macho yako, tumia rezista ya kilo-ohm 1 ya wati 5 hivi.

Kama una pawa saplai ya mezani yenye kikomo cha ampia, majaribio yote fanyia hapo, sio kwenye betri. Kikomo weka milampia 100, anza volti 10 upande taratibu. Bodi isiyo na mzigo ikigonga hicho kikomo usipandishe tena, kuna shoti.

SIMAMA HAPA kama volti zako zinatoka kwenye umeme wa ukutani uliopitishwa kwenye diodi moja kwa moja bila transfoma. 230 za AC zinakuwa kama 325 za DC, upande wote wa pili unakuwa umeunganishwa na ukuta hata kama mita inasoma 12, na klipu ya graundi ya oskiloskopu ukiigusisha pale unapiga shoti. Hiyo kazi ni ya fundi mwenye transfoma ya kutenga na vifaa vya kupimia vinavyofaa.

Dalili ya 1: inakufa palepale unapochomeka

Hii ndo inaongoza, na sababu namba moja ni watu kuamini jina la betri. Betri ya lithiamu ya "48" yenye seli 13 ikijaa ni volti 54.6. Ya "60" yenye seli 16 ni 67.2. Ya "72" yenye seli 20 ni 84. Betri nne za risasi za 12 zikiwa kwenye chaja zinafika 57 na ushee. Paneli ya sola ya seli 72 bila mzigo inatoa kama 45, ukifunga mbili sirizi una 90, na asubuhi ya baridi zinapanda zaidi ya hapo. Kwa hiyo kipimo cha kwanza hakihitaji chochote zaidi ya mita: pima chanzo kikiwa kimejaa kabisa na hakina mzigo, hiyo ndo namba ya kwenda nayo kwenye datashiti, ile karatasi ya mtengenezaji yenye vipimo vya chipu.

Na kwenye datashiti kuna namba mbili, ya kufanyia kazi na ya kufia. LM2596 ya kawaida inafanya kazi mpaka 40 na ukomo wake kabisa ni 45, LM2576HV ni 60 na 63. Ukiona tofauti ni ndogo hivyo utaelewa kwa nini "imezidi kidogo tu" haina msamaha.

Sababu ya pili iko kwenye moduli za kununua, na hapa weka bodi chini ya taa uisome kwa jicho. Kapasita ya kuingilia imeandikwa ngapi? Moduli nyingi za LM2596 zina kapasita ya maikrofaradi 100, volti 50, na hiyohiyo unaikuta kwenye moduli inayouzwa kama ya volti 60. Halafu angalia diodi, kile kidude cheusi chenye mstari upande mmoja karibu na koili. Ikiandikwa SS34 au SS54 ni ya volti 40. Kwenye konvata ya kushusha diodi inabeba volti zote za kuingia kila swichi ya ndani ya chipu inapowaka, kwa hiyo hata chipu ingekuwa halisi na ya 60, SS34 itapiga shoti kwanza halafu iiue chipu nayo. Kwa 60 inayocheza unataka SS310 au nyingine ya volti 100. Sehemu moja dhaifu inatosha kushusha bodi nzima, lebo haisaidii.

Sababu ya tatu inawachanganya hata wazoefu kwa sababu mita haiioni. Unachomeka betri, unasikia ka-cheche kwenye plagi, chipu imekufa, na ukipima betri ni 54 tu na chipu ni ya 60. Kilichotokea ni kwamba waya wa mita moja una induktansi (tabia ya kupinga mkondo kubadilika ghafla) ya kama maikrohenri 1, na kapasita za seramiki hazina ukinzani wa maana, kwa hiyo umeme unaingia kwa kasi unapitiliza na kurudi, na kilele chake kinaweza kukaribia mara mbili ya volti za betri. Yaani 54.6 inagusa karibu 109 kwa muda mfupi sana. Chipu ya 60 hapo haina maisha, hata ya 75 haina.

Kujua kama ni hili: chomeka kupitia rezista ya ohm 10 ya wati 5 bila mzigo wowote. Ikipona kila mara ukipitia rezista na ikifa ukichomeka moja kwa moja, umeshapata mchawi. Mwenye oskiloskopu aiweke kwenye kunasa mara moja, ncha ya x10 kwenye kapasita ya kuingilia, ataona mlima wenyewe.

Dawa yake ni kapasita ya elektroliti ya volti 100 iliyofungwa sambamba na seramiki, thamani yake iwe mara 4 au zaidi ya seramiki zote kwa pamoja, ule ukinzani wake wa ndani ambao kila mtu anausema vibaya ndo hapa unafanya kazi ya kumeza hilo wimbi. Plagi za kuzuia cheche kama XT90-S nazo zinasaidia kwa sababu zina rezista ndani inayogusa kwanza.

Wengine wanakimbilia TVS, ile diodi ya kubana volti zikiruka, wakidhani imeisha. Soma vizuri. SMBJ58A inavumilia 58 bila kupitisha, lakini ikipigwa na mkondo wake wote inabana kwenye 93.6. Ukiweka hiyo mbele ya chipu ya 60 umeweka mlinzi anayeamka mwizi akiwa ameshaondoka, mbele ya chipu ya 100 ndo inakuwa na maana. Na hapa ndo msimamo wangu ulipo kwenye mada nzima: kwa betri ya 48 au paneli yoyote inayozidi 40 chukua chipu ya volti 100, tofauti ya bei ni ndogo kuliko kubadilisha bodi mara tatu. Kwa betri ya 67.2 hata TVS inakuwa ngumu kidogo kwa sababu SMBJ70A inabana kwenye 113, hapo tegemea zaidi elektroliti na plagi yenye rezista, TVS iwe ya nyongeza na iwe kubwa.

Mwishoni kabisa kuna chipu feki, maandishi yamefutwa yakaandikwa upya. Njia ya kuwashuku: LM2596 halisi inaswichi kwa kilohezi 150, ukipima mguu wa koili (ule unaoungana na chipu) ukakuta karibu 50 hiyo ni chipu nyingine imevaa jina.

Dalili ya 2: haitoi kitu, au inawaka na kuzima

Pima volti za kuingia pale kwenye mguu wa chipu sio kwenye plagi. Zipo? Nenda pini ya kuwasha. Nyingi zinataka volti kidogo ziwake, LM2596 ni kinyume, pini yake namba 5 ikiwa graundi ndo inawaka na ikipanda inazima, watu wakihama kutoka chipu moja kwenda nyingine wanabeba mazoea na bodi inabaki imelala. Pia pini ya kuwasha kwenye chipu nyingi haivumilii volti zote za kuingia, ukiifunga moja kwa moja kwenye 60 umeipasua, inataka rezista mbili za kugawa, na hizohizo ndo unazitumia kupanga volti za chini ambazo ikifika izime.

Ikiwa inawaka inazima inawaka inazima kama taa ya onyo, angalia chanzo. Konvata inavuta wati zilezile kila wakati, kwa hiyo volti za kuingia zikishuka yenyewe inavuta ampia nyingi zaidi, volti zinashuka tena, inafika kiwango cha kuzima, inazima, chanzo kinapumua, inawaka upya. Paneli ya sola jioni inafanya hivi sana na watu wanabadilisha chipu bure. Jaribu kwa betri nzuri yenye waya mfupi mnene, ikitulia chipu haina kosa, panga upya rezista za pini ya kuwasha ili pengo kati ya kuwaka na kuzima liwe kubwa.

Kama chanzo kiko imara, toa mzigo. Ikiwaka vizuri bila mzigo basi ama kuna kapasita nyingi mno upande wa kutokea na muda wa kuanza taratibu ni mfupi, ama kifaa unachokiwasha kinavuta sana sekunde ya kwanza, na chipu inajilinda.

Ya mwisho hapa ni kale ka-kapasita ka nanofaradi 100 kati ya pini ya BOOT na mguu wa koili. Kakikatika au kakilehemiwa nusu, swichi ya juu haipati nguvu ya kufunguka sawasawa, utaona volti pungufu na chipu inachemka bila kazi. Kalehemu upya, ni kazi ya dakika mbili.

Dalili ya 3: inafanya kazi ila inachemka hadi haishikiki

Fanya hesabu kwanza, kwa sababu joto lina mahali linapotoka, na feni haibadilishi hesabu.

Chukua 60 kwenda 5 kwa ampia 2. Swichi inawaka asilimia 8 tu ya muda, maana yake diodi inabeba ampia zote kwa asilimia 92 iliyobaki. Diodi ya volti 100 inapoteza kama volti 0.6, zidisha, unapata wati 1.1 kwenye diodi peke yake wakati unatoa wati 10. Ndo maana kwenye kushusha kwingi chipu yenye swichi mbili ndani, ile isiyohitaji diodi ya nje, inashinda kwa mbali. Gusa (kwa kipimajoto sio kidole) kipi kina moto zaidi, chipu au diodi? Ikiwa ni diodi ongeza shaba chini yake au hamia chipu ya swichi mbili.

Ikiwa ni chipu, angalia kasi ya kuswichi. Kila swichi inapogeuka kuna muda mfupi volti na ampia ziko juu pamoja, na hasara yake inakua na volti za kuingia. Kwa 60, ampia 2, mgeuko mmoja wa kuwaka na mmoja wa kuzima ukijumlisha nanosekunde 30, kwa kilohezi 500 unapoteza wati 0.9 ndani ya kichipu cha milimita tano. Panda megahezi 1 ni 1.8. Watu wanapenda kasi kubwa kwa sababu koili inakuwa ndogo na bodi inapendeza, kwenye volti za juu mimi sivuki kilohezi 300 bila sababu ya maana. Chipu nyingi kasi inapangwa na rezista moja, badilisha hiyo kabla hujabadilisha chipu, ila ukishusha kasi hakikisha koili inatosha.

Koili inatoshaje? Mfano 60 kwenda 12, ampia 2, kilohezi 300, unataka mkondo ucheze kwa 0.6. Volti zilizobaki juu ya koili ni 48, swichi inawaka asilimia 20 ya muda, 48 mara 0.2 gawa kwa 300,000 mara 0.6, jibu ni maikrohenri 53, chukua 56 au 68. Moduli nyingi zilizotengenezewa 24 zina koili ndogo kuliko inavyotakiwa, ukizipa 60 mkondo unacheza sana, koili inashiba, yaani haiwezi tena kuzuia mkondo usipande ghafla, na kuanza kuchemka nayo.

Kuna joto moja watu hawalitafuti, la wale wanaotumia kontrola (chipu inayoamuru tu) yenye MOSFET za nje, zile transista zinazofanya kazi ya swichi. Kontrola inazisukuma geti (mguu wa kuziwashia) kwa umeme wake wa ndani wa kama 7.5, na kama huo umeme inautoa kwenye 60 basi kila milampia inapoteza volti 52.5 njiani. MOSFET mbili zenye chaji ya geti ya nanokulombu 40 kila moja kwa kilohezi 300 zinakula milampia 24, yaani wati 1.26 zinachomwa ndani ya kontrola ambayo haina kazi nyingine nzito. Pini ya kulisha kutoka nje ipo kwenye kontrola nyingi, ukiiunganisha na volti 12 zinazotoka ile wati 1.26 inashuka mpaka kama 0.11. Soma datashiti uone pini yako inavumilia ngapi kabla hujaunganisha. Na ukichagua MOSFET usichukue ile yenye ukinzani mdogo kuliko zote dukani, huwa ina geti kubwa, na kwenye kushusha kwingi swichi ya juu inawaka muda mfupi kiasi kwamba ukinzani wake sio shida yako.

Mwisho kabisa: ile pedi ya chuma chini ya chipu. Haijashika risasi? Joto halina pa kwenda. Kwenye bodi za kulehemu kwa mkono hili ni la kawaida kabisa, na bila hewa ya moto huwezi kulirekebisha vizuri.

SIMAMA HAPA kama bodi imebadilika rangi kuwa kahawia au nyeusi chini ya chipu. Bodi iliyoungua inaweza kuanza kupitisha umeme yenyewe, usiilehemu upya, itupe.

Dalili ya 4: inalia, inazomea, volti za kutoka zinacheza

Kwanza hakikisha unapima sawasawa. Ncha ya oskiloskopu yenye waya mrefu wa graundi inaokota kelele za koili kama antena, toa ule waya, tumia springi fupi iguse graundi ya kapasita ya kutokea, washa kichujio cha megahezi 20. Nusu ya "mawimbi makubwa" yanapotea hapo hapo.

Ikiwa inalia mzigo ukiwa mdogo tu na inanyamaza ukiongeza, mara nyingi ni kawaida, chipu inaruka mizunguko ili iokoe umeme na kapasita za seramiki zinatetemeka. Haiui kitu. Kama inakukera chagua chipu inayoweza kulazimishwa kasi moja.

Ikiwa inalia hata kwenye mzigo kamili, fanya hesabu ya muda wa kuwaka. Kila chipu ina muda mfupi kabisa ambao swichi yake inaweza kuwaka, chini ya hapo haiwezi, ni mwili wake. Kutoka 60 kwenda 3.3 ni asilimia 5.5. Kwa kilohezi 500 mzunguko mmoja ni nanosekunde 2000, swichi inatakiwa iwake nanosekunde 110. Chipu yako datashiti inasema 135? Basi haiwezi, itakuwa inawaka zaidi ya inavyotakiwa halafu inaruka mizunguko kufidia, na ndo hiyo sauti na hayo mawimbi unayoyaona. Utajua ni hili kwa sababu ukishusha volti za kuingia kwenda 30 inatulia kabisa. Dawa ni kushusha kasi, au kushusha kwa hatua mbili, 60 kwenda 12 halafu 12 kwenda 3.3, na hatua mbili si aibu, mara nyingi zinakuwa na joto dogo kuliko moja. Hesabu hii inachukua nusu dakika na ingetakiwa kufanywa kabla ya kununua chipu, ila karibu kila anayelalamika kelele hajaifanya.

Halafu kuna familia ya chipu zinazotumia muda wa kuwaka uliopangwa, LM5008, LM5017, LM5164 ziko humo. Ni nzuri sana kwa volti za juu na hazina mambo mengi, lakini zinataka kuona wimbi dogo kwenye pini ya FB (ile inayosoma volti za kutoka), milivolti 20 hadi 25 hivi, ndo zijue lini ziwake tena. Mtu anaweka kapasita nzuri za seramiki upande wa kutokea, wimbi linapotea, chipu inapoteza dira inaanza kupiga mapigo mawilimawili. Yaani umeboresha kapasita ukaharibu konvata. Datashiti zinaonyesha rezista moja na kapasita mbili za kutengeneza hilo wimbi kutoka mguu wa koili, ziweke, usijifanye huzioni.

Kingine, seramiki za X7R zikipewa volti za juu zinapoteza uwezo. Kapasita iliyoandikwa maikrofaradi 2.2 ya volti 100 ikikaa kwenye 60 inaweza kubaki na nusu au pungufu ya hapo, kwa hiyo ukihesabu upande wa kuingilia hesabu kilichobaki, sio kilichoandikwa.

Dalili ya 5: volti za kutoka zimeruka juu zikaunguza kila kitu

Hii ndo mbaya kuliko zote kwa sababu inaua vifaa vya watu. Ya kwanza kushuku kwenye moduli ni kile kiboksi cha bluu chenye kiskrubu cha shaba. Kikichoka au kikitikiswa, mguso wa ndani unakatika, chipu haioni volti za kutoka, inadhani ziko sifuri, inafungua yote. Pima: ukiwa kwenye pawa saplai ya mezani, bila kifaa chochote, gonga kidogo kwa mpini wa plastiki ukiangalia mita. Ikiruka, toa kiboksi weka rezista mbili za kudumu. Kwenye gari, pikipiki au mashine inayotetemeka hicho kiboksi hakifai hata kikiwa kipya.

Kumbuka ni rezista ya juu ya FB ikikatika ndo volti zinapanda. Ya chini ikikatika zinashuka mpaka kiwango cha rejea cha chipu, 1.23 kwa LM2596.

Sababu nyingine ni swichi ya juu kupiga shoti, na hapo volti 60 nzima zinakwenda kwenye kifaa chako cha 5. Hakuna chipu isiyoweza kufa hivi. Kama kinachofuata ni cha thamani, weka fyuzi kabla ya konvata na thairista ya kupiga shoti upande wa kutokea volti zikizidi, fyuzi ikatike, kwisha.

SIMAMA HAPA kama konvata inalisha kitu kinachogusa usalama wa mtu, breki, vifaa vya hospitali, mlango wa umeme, chaja ya betri ya lithiamu isiyo na BMS (bodi ya kulinda seli za betri). Usijaribu kwa kukisia, mpe anayejua kuitengeneza na kuipima kwa dhamana.

Dalili ya 6: mzigo mdogo sawa, ukiongeza inakata

Karibu kila mara ni koili imeshiba. Kwenye oskiloskopu mkondo wa koili unapanda kama mteremko ulionyooka, ukiona ncha inapinda juu ghafla ndo kushiba kwenyewe. Koili iwe na kiwango cha kushiba kinachozidi kikomo cha ampia cha chipu, sio ampia za mzigo wako. Isipokuwa koili, basi ni nyaya nyembamba za kuingilia au chipu inafika joto lake la kujizima, rudi kwenye dalili ya 3.

Dalili ya 7: redio inanguruma, sensa zinasoma ovyo

Sogeza kapasita ya seramiki ya kuingilia iguse kabisa pini za chipu, ule mduara mdogo wa kapasita, swichi na graundi ndo spika ya kelele. Halafu ohm 2 mpaka 10 sirizi na kapasita ya BOOT zinapunguza ukali wa mgeuko, zinaongeza joto kidogo. Wengi wanaweka rezista na kapasita ya kumeza kelele kwenye mguu wa koili kama walivyozoea kwenye 12, angalia: nanofaradi 1 kwenye volti 60 kwa kilohezi 300 inakula wati 1.08. Kwenye 12 ilikuwa inakula 0.04 tu. Hiyo rezista ndogo uliyoweka itaungua na utadhani chipu ina tatizo.

Sasa uweke chipu gani

Kwa chanzo kisichozidi 40 kabisa hata kwa kilele, baki na ulichonacho. Betri za 24 zenye kapasita nzuri ya kuingilia zinaenda vizuri na TPS54360, ni ya 60 na ampia 3.5. Kwa betri ya 48 na mzigo mdogo, LM5017 ya volti 100 inatoa milampia 600 na LM5164 inatoa ampia 1, zote zina swichi mbili ndani, na kwa kweli watu wengi wanaodhani wanahitaji ampia 3 ukiwapimia mzigo wanatumia chini ya 1. XL7015 ni ya 80 na milampia 800, rahisi kupatikana, inataka diodi ya nje nzuri, kwa 54.6 inafaa ukishatuliza ule mruko wa kuchomeka, kwa betri ya 84 hapana.

Ukitaka ampia nyingi kwenye 60 au 72 acha kutafuta chipu yenye swichi ndani, nenda kontrola na MOSFET za nje. LM5146 inafika 100, LTC3895 na LTC7801 zinafanya kazi mpaka 140, na hizo za mwisho ndo ningeweka kwenye betri ya seli 20 inayoendesha mota, kwa sababu mota ikifunga breki inarudisha umeme kwenye laini na 84 haibaki 84. Bodi ya kontrola hailehemiwi kwenye bodi ya matundu, mpangilio wa njia za shaba ndo nusu ya kazi, kama hujawahi kuchora ya namna hiyo nunua bodi ya majaribio ya mtengenezaji uanzie hapo au mpe mtu wa kuchora bodi.

Na ukishaiweka, ya kwanza usiifunge kwenye boksi. Iache mezani saa nzima kwa mzigo kamili na volti za kuingia za juu kabisa, halafu rudia na za chini kabisa, ukipima joto kila baada ya muda. Ikipita nyuzi 100 juu ya chipu hewa ikiwa ya kawaida, ndani ya boksi haitamaliza wiki.